Samli, dagaa na moyo wa baba: kolesteroli iliyooksidika inaua seli za moyo kweli?

Binti_Makorora

Wakuu habari za jioni. Naombeni mwenye ujuzi wa haya mambo anisaidie, maana nimesoma mpaka nimechanganyikiwa.

Baba yangu ana miaka 66. Presha anayo siku nyingi, ila dawa alikuwa anameza pale tu anapojisikia vibaya. Mwezi uliopita miguu ilianza kuvimba, usiku akawa hawezi kulala chali, anaegemezwa mito ndipo apate usingizi. Tukampeleka hospitali akapigwa ECHO, kile kipimo cha picha ya moyo. Karatasi inasema moyo umetanuka na EF, yaani sehemu ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila pigo, ni asilimia 35. Kipimo cha mafuta kwenye damu, LDL, ile wanayoiita kolesteroli mbaya, ni 4.1. Amepewa losartan, bisoprolol, spironolactone, atorvastatin na dawa ya kukojoza.

Mimi ndiye ninayempikia. Chakula chetu ni hiki cha kwetu Tanga: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, dagaa wa kukaanga, ng'onda siku ambazo samaki wabichi hawashikiki bei, na samli kwenye uji na kwenye chapati. Samli tunanunua kwa mama mmoja anayeichemsha mwenyewe. Ni nzuri sana, lakini chupa ikishafunguliwa inakaa pembeni ya jiko wiki hata nne. Mafuta ya alizeti ya kukaangia nayachuja na kuyarudia mpaka yabadilike rangi.

Sasa binamu yangu kanitumia makala inayosema kwamba tatizo kubwa si kolesteroli yenyewe, ni ile iliyooksidika, yaani iliyoharibiwa na oksijeni, na kwamba inaingia kwenye seli za misuli ya moyo na kuziua. Tangu nisome hiyo, kila nikishika mwiko naona kama ndiye mimi niliyemuumiza mzazi wangu. Je, ni kweli? Samli na dagaa ndivyo vilivyoufikisha moyo wake hapo? Na nikiviondoa, moyo utarudi?

Mzee_wa_Chumbageni

Pole sana binti yangu. Kwanza samli itoe kabisa hapo nyumbani. Pili mnunulie vidonge vya vitamini E, vile vya uniti 400, ameze kimoja kila siku. Vitamini E ndiyo inayozuia oksijeni isiharibu mafuta mwilini, mimi natumia na niko vizuri. Kitunguu saumu kibichi asubuhi kabla hajala kitu. Na hizi dawa za kushusha kolesteroli zinachosha ini, akipumzika nazo miezi miwili mitatu si vibaya.

Mwanamaabara

Dada, pole kwa kuuguza. Mzee wangu hapo juu, shikamoo. Nitakujibu kwa heshima zote, lakini kuhusu vitamini E na kupumzisha dawa nitakupinga, kwa sababu mgonjwa huyu moyo wake tayari umechoka na mawili hayo yanaweza kumuumiza.

Nijieleze kidogo ili mjue naongea kutoka wapi. Kwa sasa napima ubora wa mafuta ya kula. Kabla ya hapo, wakati wa shahada ya uzamili, kazi yangu ilikuwa kukuza seli za misuli ya moyo wa panya wachanga. Ukizitenga vizuri na kuziweka kwenye sahani yenye lishe na joto la mwili, baada ya siku moja au mbili zinaanza kudunda zenyewe. Mwanzoni kila moja ina mwendo wake. Zikikua na kugusana, zinapatana, sahani nzima inadunda pamoja. Sijawahi kuzoea kuliona jambo lile.

Halafu tunazimwagia 7-ketokolesteroli, ambayo ndiyo moja ya aina za kolesteroli iliyooksidika zinazopatikana kwa wingi kwenye mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya wagonjwa. Mdundo unaanza kupotea mpangilio. Baadaye seli zinajikunyata, zinakuwa duara, zinang'oka chini ya sahani. Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza, kwamba inaua seli za moyo kweli: kwenye sahani, ndiyo, inaua.

Namna inavyoua inajulikana kwa kiasi kizuri. Kolesteroli ya kawaida ni sehemu halali ya ukuta wa kila seli; inakaa imesimama wima katikati ya mafuta ya ukuta na kuupa uimara. Ikiongezewa oksijeni, haikai tena mkao ule ule, na ukuta unaanza kupitisha vitu usivyopaswa kupitisha. Ndani ya seli ya moyo mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, zimejaa, zinachukua karibu theluthi moja ya nafasi, kwa sababu moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku na nishati yote hiyo lazima itoke mahali. Mitokondria zikivurugwa zinapoteza chaji yake, zinamwaga kemikali kali zenye oksijeni, na protini iitwayo saitokromu c inavuja. Ikivuja hiyo, seli inapokea amri ya kujiua kwa mpangilio. Kalsiamu nayo inavurugika, na kalsiamu ndiyo inayoiambia seli ijikaze na ilegee. Ndiyo maana mdundo unaharibika kabla seli haijafa.

Kuna mlango mwingine. LDL iliyooksidika ina kipokezi chake kwenye uso wa seli, kinaitwa LOX-1, kiligunduliwa na Wajapani wakiongozwa na Tatsuya Sawamura mwaka 1997 kwenye seli za utando wa ndani wa mishipa. Baadaye kikaonekana pia kwenye seli za moyo wenyewe, hasa moyo ulio kwenye shida: uliokosa damu, uliobanwa na presha, ulioanza kushindwa. Panya waliozaliwa bila LOX-1, ukiwafungia mshipa wa moyo kisha ukaufungua, eneo linalokufa huwa dogo kuliko la panya wenzao wenye nacho.

Na seli hizi hazirudi kirahisi. Timu ya Jonas Frisén kule Uswidi ilipima mwaka 2009 kwa kutumia kaboni-14 iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia: kijana wa miaka 25 anafanya upya kama asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mtu wa miaka 75 chini ya nusu ya hiyo. Ndiyo maana watu wanaogopa chochote kinachoua seli hizi, na wana haki ya kuogopa.

Sasa naomba usome sehemu hii taratibu, dada, kwa sababu ndiyo makala za namna ile huwa zinairuka.

Kiwango tulichokuwa tunakimwaga kwenye sahani kilikuwa mikromolari 20 hadi 50. Kwenye damu ya binadamu, 7-ketokolesteroli ni kidogo mno ukilinganisha na hapo, na hata hiyo kidogo haielei peke yake, imebebwa ndani ya chembe za mafuta. Seli ya sahani haina ini la kuisafishia uchafu. Baba yako analo, na ini hujua kuivunja 7-ketokolesteroli. Kwa panya ilionekana ikiondolewa haraka kuliko kolesteroli ya kawaida. Jaribio la sahani linatuonyesha jinsi madhara yanavyoweza kutokea. Halituambii kwamba ndicho kilichotokea kwenye kifua cha mzee.

Pia, kolesteroli iliyooksidika inayosumbua wagonjwa wengi haitoki jikoni. LDL inapozidi kwenye damu, chembe zake zinapenya chini ya utando wa ndani wa ateri na kunasa humo. Kwenye damu inayotembea zina ulinzi mzuri, ila zikishanasa ukutani ulinzi unaisha, na vimeng'enya vya seli zetu wenyewe ndivyo vinavyozioksidisha. Seli nyeupe zinakuja kuzila, zinajaa mafuta, zinafia hapo hapo, na bonge linaanza kujengeka. Mwaka 1979 kundi la Joseph Goldstein na Michael Brown, hawa waliopata Nobel mwaka 1985, lilionyesha kwamba seli nyeupe haziibugii LDL ya kawaida, zinabugia ile iliyobadilishwa. Kutoka hapo Daniel Steinberg na wenzake ndio walioonyesha kwamba kuoksidika ni aina ya mabadiliko yanayotokea mwilini kweli. Kinachoongeza kasi ni sigara, kisukari kisichodhibitiwa, presha, na wingi wa LDL yenyewe. Atorvastatin ya baba inafanya kazi hapa: LDL ikipungua, cha kuoksidika kinapungua.

Kuhusu chakula, ushahidi upo ila si wa kukunyima usingizi. Samli ina historia yake. Mwaka 1987 Marc Jacobson alichapisha kwenye jarida la Lancet vipimo vya samli ya Kihindi: asilimia 12.3 ya steroli zake ilikuwa kolesteroli iliyooksidika, na kwenye siagi mbichi hakuikuta. Alikuwa anatafuta kwa nini Wahindi waliohamia London na visiwa vya Karibi walikuwa wanaugua mishipa ya moyo kuliko ilivyotarajiwa. Alitoa wazo, hakulithibitisha, na kiasi kinategemea sana samli imepikwa kwa moto gani, muda gani, na imerudiwa kuchemshwa mara ngapi. Mwaka 2003 Ilona Staprans na wenzake wa San Francisco walilisha watu kolesteroli iliyooksidika na kuikuta kwenye damu yao hata baada ya saa 72. Kwa hiyo inaingia. Na mwaka 2022 watafiti wa Kyushu, Japani, waliwalisha panya 7-ketokolesteroli kisha wakawafungia mshipa wa moyo na kuufungua. Jeraha likawa baya zaidi. Kilichonivutia mimi ni kwamba njia waliyoiona ilipitia seli nyeupe za damu zilizochochewa, si sumu kumwagikia misuli ya moyo moja kwa moja. Hilo linatofautiana na picha ya makala uliyotumiwa.

Sasa baba. Madaktari wa Muhimbili walifuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Asilimia 45 chanzo kilikuwa presha. Ugonjwa wa misuli ya moyo wenyewe 28, baridi yabisi ya moyo 12, mishipa ya moyo kuziba 9. Mtu wa miaka 66 mwenye presha ya siku nyingi isiyomezewa dawa kila siku, moyo ukatanuka: kabla ya kuitazama chupa ya samli, itazame presha. Mimi si daktari wake na sijaona ECHO yake, lakini kama ningekuwa ndugu yako ningekuomba uache kujilaumu leo hii. Mwiko wako haukumfanyia hivyo.

Nirudi kwa mzee wangu wa Chumbageni. Wazo lako, mzee, ndilo walilokuwa nalo wanasayansi wengi miaka ya 1990: kama kuoksidika ndiko kunakoharibu, basi tuwape watu kizuia oksijeni. Wakalijaribu kwa watu maelfu. Utafiti uitwao HOPE ulitumia uniti 400 za vitamini E kila siku, hizo hizo ulizotaja, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea wenye ugonjwa wa mishipa au kisukari. Mwaka 2000 matokeo yakatoka: haikupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo. Wakaendelea kuwafuatilia, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba waliokuwa wanameza vitamini E walipata moyo kushindwa kufanya kazi kwa wingi zaidi kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Tofauti haikuwa kubwa sana, lakini ilikuwa upande mbaya, na ndiyo maradhi aliyonayo baba wa huyu dada. Kwako wewe uliye mzima ni fedha yako na uamuzi wako. Kwa mgonjwa mwenye EF 35, nakusihi tusimpe.

Na atorvastatin asiipumzishe bila kauli ya daktari wake. Ini linapimwa kwa kipimo cha damu. Kama kuna wasiwasi, apimwe.

Dagaa_Kirumba

Mwanamaabara nimekusoma mwanzo mwisho, ahsante. Mimi nauza dagaa Mwanza, Kirumba, na hii mada imenigusa mfuko. Wateja wakisikia dagaa wa kuanika wana sumu ya moyo tutafunga biashara. Dagaa wetu wanaanikwa juani, wengine kwenye mchanga, wengine kwenye vichanja. Je, jua linaoksidisha kolesteroli? Na kama ndiyo, kuna namna ya kuanika isiyo na hilo tatizo? Nauliza kwa nia ya kujifunza, maana nami ninakula na watoto wangu wanakula.

Mwanamaabara

Kaka, swali zuri na halina jibu la kukufungia biashara.

Jua, hewa na joto vinaoksidisha, ndiyo. Dagaa ana mafuta laini ya samaki, yale yanayosifiwa kwa moyo, na mafuta hayo ndiyo ya kwanza kushambuliwa na oksijeni. Yakishashambuliwa yanatoa kemikali zinazoivuta na kolesteroli iliyo pembeni yao. Dagaa analiwa mzima, kichwa na matumbo, kwa hiyo kolesteroli anayo ya kutosha. Watafiti wa Japani walishapima samaki wadogo wanaochemshwa na kuanikwa kule kwao, wakakuta kolesteroli iliyooksidika. Samaki wa moshi na wa chumvi ni vivyo hivyo.

Kinacholeta tofauti kubwa ni muda na utunzaji, na hapo wewe una nguvu. Dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja siku ya jua kali anakauka mapema, hewa inapita juu na chini, tena hana mchanga. Aliyepigwa na mvua akaanikwa upya, akakaa siku nyingi nusu mkavu, huyo mafuta yake yamechacha. Unamjua: rangi ya fedha imeondoka amekuwa wa manjano au kahawia, harufu inakwaruza koo, ukimla anaacha uchungu. Mteja akikuambia dagaa wachungu, anakueleza habari za oksijeni bila kujua. Baada ya kukauka, adui ni mwanga na hewa. Gunia lililo wazi mlangoni dukani, jua linalipiga mchana kutwa, linaendelea kuharibika. Mifuko iliyofungwa vizuri, sehemu yenye kivuli na ubaridi, na kutokuweka mzigo miezi mingi.

Wala sitamwambia mtu aache dagaa. Kwa familia nyingi ndiyo protini na kalsiamu ya uhakika kwa bei wanayoiweza, na hakuna utafiti uliowahi kuonyesha kwamba wala dagaa wanakufa kwa moyo kuliko wengine. Ningependa tu wale dagaa wazuri.

Nesi_wa_Kliniki

Naongezea kutoka upande wa wodini, maana naona chumvi imesahaulika.

Dada, mimi nahudumia wagonjwa wa moyo kushindwa. Wanaorudi wakiwa wamejaa maji mpaka mapafuni, mara nyingi sababu ni mbili: dawa zimekatizwa, au wamekula chumvi nyingi. Hiyo ng'onda unayompikia baba ni chumvi tupu. Dagaa wa baharini wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo nao ni hivyo hivyo, tofauti na dagaa wa ziwani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, na hiyo ni kwa mtu mzima wa afya. Kipande kimoja cha ng'onda kinaweza kuila hesabu yote ya siku.

Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, uandike kwenye daftari. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji. Mrudishe kliniki usisubiri tarehe. Bisoprolol isikatizwe ghafla hata siku moja, hata akisema anajisikia mzima. Kama fedha imekata, njoo useme, usinyamaze nyumbani na kuanza kumpa nusu nusu.

Binti_Makorora

Jamani, ahsanteni sana, sijui niseme nini. Nimemsomea mama majibu yote na amelia.

Ng'onda nimeshaitoa. Nina mambo mawili bado. Kuna sehemu mjini wananiambia wana kipimo cha LDL iliyooksidika, sampuli inasafirishwa nje, bei ni kubwa, wanasema bila hicho dawa anazokunywa ni za kubahatisha. Nijikakamue nilipe? La pili, samli. Baba anaipenda, na kwa sasa hamu ya kula hana kabisa. Niitupe yote au kuna namna?

Mwanamaabara

Usilipe. Kipimo hicho kipo kweli na kwenye utafiti kinatumika. Wagonjwa wa moyo kushindwa wameonekana kuwa nacho juu. Lakini hata huko haijulikani vizuri kama ndicho kinachouchosha moyo au moyo uliochoka ndio unaokipandisha. Kwenye kliniki hakuna dawa ambayo daktari ataibadilisha kwa sababu ya jibu lake. LDL ya kawaida ambayo tayari mnayo inamtosha kuamua kipimo cha atorvastatin. Anayesema dawa za baba ni za kubahatisha anakuuzia woga. Dawa hizo zimepimwa kwa wagonjwa maelfu, na bisoprolol na spironolactone zimeonyesha kupunguza vifo kwa wagonjwa ambao moyo unasukuma kidogo kama wa baba.

Nakuongezea jambo ambalo huenda likakufariji kila ukimpa losartan. Nimesema LOX-1 inaongezeka kwenye moyo ulio kwenye shida. Kinachoipandisha mojawapo ni homoni ya angiotensini II, ile ile inayobana mishipa na kupandisha presha. Losartan inaziba mahali homoni hiyo inapojishika, na kwenye seli za utando wa mishipa ilionekana kuzuia LOX-1 isipande. Yaani kama unatafuta kitu cha kuizuia kolesteroli iliyooksidika isimdhuru, huenda tayari kiko kwenye pakiti uliyonayo, na bei yake ni ndogo kuliko hicho kipimo.

Ulichouliza mwanzoni, kama moyo utarudi. Seli zilizokufa hazirudi. Lakini EF ya 35 haina maana kwamba zote zilizobaki zimeharibika. Nyingi ziko hai zimechoka kwa mzigo. Presha ikishuka na kukaa chini, dawa zikimezwa kila siku, kuna wagonjwa ambao EF inapanda baada ya miezi. Wengine haipandi lakini wanalala chali, wanatembea mpaka msikitini na kurudi. Ulizia ECHO ya kurudia itakuwa lini.

Samli usiitupe. Kijiko cha chai kwenye uji, kwa mtu asiye na hamu ya kula, mimi ningempa, huku nikijua ni mafuta yanayopandisha LDL na kwa hiyo hayaongezwi zaidi ya hapo. Mwambie mama muuzaji aichemshe kwa moto mdogo na aitoe mara tu masimbi, yale mashapo ya chini, yanapoanza kuwa ya dhahabu, asiingoje iwe kahawia. Nunua chupa ndogo, ifunike, iondoe pembeni ya jiko, na tumia kijiko kikavu. Usiikaangie. Samli inayowekwa juu ya chakula kilichoiva haijapata moto wa pili, na huo moto wa pili ndio ninaouogopa.

Mafuta ya alizeti, hapo ndipo ningekuwa mkali. Chupa imeandikwa haina kolesteroli na ni kweli, hakuna mmea wenye nayo ya kutaja. Lakini mafuta hayo ni laini, yanashikwa na oksijeni upesi, na ukiyarudia mpaka yamekuwa meusi unamkaanga samaki ndani ya kemikali zinazoigeuza kolesteroli ya samaki mwenyewe. Kaangia kidogo, mara moja, yaliyobaki umwage. Afadhali zaidi samaki wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya, au wa kupaka aliyewekwa tui jepesi. Tui halina kolesteroli wala halioksidiki kirahisi, ila lina mafuta magumu yanayopandisha LDL, kwa hiyo lichuje jepesi na usiweke kila siku.

Fedha uliyokuwa ulipie kipimo cha nje itumie kwa figo na potasiamu, yaani kreatinini na elektrolaiti, kila kliniki watakapoagiza. Losartan na spironolactone zikitumika pamoja huweza kupandisha potasiamu, na ikipanda sana inaweza kusimamisha moyo bila dalili ya kukutahadharisha. Kwa sababu hiyo hiyo chumvi mbadala zile zinazouzwa kwa wagonjwa wa presha usimnunulie kabla hujauliza, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Na madafu nayo yana potasiamu nyingi. Najua kwenu ndicho kitu cha kwanza mgonjwa anacholetewa na kila anayekuja kumjulia hali. Wageni wapokee, madafu yanywe nyinyi, mpaka majibu ya damu yatoke.